Uso wa Udongo Mweupe

Kamituga, tarehe 12 mwezi wa tatu 2023

Kwako Yaya Eulalie, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe na kila mutu mu nyumba. Huku tuko wazima, Mungu anatushikilia. Mvua imekata barabara, makamyo yanalala mu matope, chumvi imekuwa ya kutafuta kama dawa. Mimi malaria ilinilaza, sasa nimeamka. Nimesikia ndugu yetu Josué, kule Kamanyola, muke wake amezaa mwanaume. Uwape pongezi yangu. Mardochée, yule shoferi wa kamyo, njo anakuletea hii barua na bidon moja ya mafuta ya mawese. Jibu usinipigie. Andika, umupe yeye mukononi.

Sasa niseme yenye iko mu roho.

Nilikuachia mutoto wangu Gloire juu akue vizuri na asome. Huku Kamituga hakuna shule ya watoto wadogo yenye maana, wewe ni mwalimu, nikasema iko mahali pazuri. Kumbe! Mama mumoja anauza sambaza, wale samaki wadogo, karibu na mimi hapa soko, dada yake anaishi Bagira. Juzi ananionyesha simu yake, anacheka: "Angalia maajabu ya watu wa Bukavu!" Naangalia, naona lupango ya papa yetu, kiwanja chetu cha nyumbani. Ukuta wenye papa alijenga na mikono yake imejaa vidole vya watoto mpaka juu. Watoto wanatembea miguu ndani ya rangi, wanajitupa juu ya shitingi ya plastiki kama nguruwe, mumoja anakula matope na hakuna mutu anamukataza. Na katikati ni Gloire, uso mweupe wote, nyusi nyeupe, midomo nyeupe, kama mutu wametoa mu kaburi.

Yaya, hiyo ni shule gani? Mutoto wa miaka mitano anajua kujichafua bila mwalimu. Hiyo chokaa ikimuingia mu macho? Na watu wa Bagira, unawajua kinywa yao. Mutoto amepakwa mweupe, kesho watasema mu lupango ya papa Gracien wanafanyia watoto mambo ya kishetani.

Nakuomba maneno mawili. Hiyo michezo ya rangi uache. Na ule aliyepiga video aifute, na aliowatumia wote waifute. Hiyo ya pili njo kubwa.

Mudogo wako,
Nathalie


Bagira, Bukavu, tarehe 2 mwezi wa nne 2023

Nathalie,

Salamu. Huku tunaishi. Mujomba wetu, Tonton Anaclet, alipasuliwa ngiri, ametoka hospitali, anatembea ameshika ukuta na kulalamika kwamba bugali ya hospitali ilikuwa baridi. Mutoto wa Josué wamemuita Gracien, jina la papa. Paa ya nyuma inavuja tena. Mafuta yamefika, asante, ingawa nusu yalimwagika njiani.

Unaniandikia barua kama wamisionari wa zamani, wakati simu iko. Namba yangu umeifunga tangu Noeli. Nilidhani simu yako imeibiwa, lakini Mardochée anasema unaongea nayo kutwa nzima. Sawa. Mimi ni mwalimu, kalamu hainiogopeshi.

Nikujibu kwa mpango. Kwanza, si chokaa. Mimi siweki chokaa karibu na macho ya mutoto, na ungeuliza kabla ya kutukana ungejua. Ni udongo mweupe, ule mama alikuwa anapakaa kuta za jikoni. Nyekundu ni ya kilima hapa nyuma. Nyeusi ni makaa tunayotwanga. Mboga ya lengalenga nyekundu inatupa rangi ya waridi. Na nusu ya mafuta yako iliyobaki tuliichanganya na udongo, ikatoa rangi ya machungwa ambayo hata kwenye maduka ya Nyawera, mjini, hakuna. Watoto wanakushukuru.

Pili, watoto wa hapa wanakaa wiki nzima wamebanana kwenye benchi, wanaambiwa tulia, tulia. Wengi wanashika kalamu kama mutu anashika nyoka. Jumamosi nawafungulia lango, wanavaa mashati ya zamani ya papa zao, wanapaka kwa vidole, kwa miguu, kwa fagio, kwa kisigino. Mukono uliocheza hivyo, Jumatatu unasikia kalamu. Na hata kama usingesikia, ni watoto, wacha wacheke. Maji nabeba mimi. Sabuni ni yangu. Ukuta wa papa, mvua itauosha.

Tatu, video. Aliipiga Luc, papa ya mumoja wa watoto, akaiweka kwenye kundi la wazazi. Sitamuambia aifute. Kila mutoto alisema jina lake na jina la mama yake, wakacheka, basi. Aibu iko wapi?

Halafu na mimi nikuulize. Shemeji Déogratias atakuja lini? Unaishi naye zaidi ya miaka miwili, hatujui hata sauti yake. Kila mara unasema barabara. Barabara inapitisha mafuta, inapitisha Mardochée, haipitishi bwana?

Gloire iko muzuri.

Eulalie


Kamituga, tarehe 23 mwezi wa nne 2023

Eulalie,

Salamu kwa wote. Tonton apone haraka. Huku tuko.

Umejibu mambo yote, ila yenye nilikuuliza. Niliirudilia ile video mara mingi mu simu ya ule mama. Gloire anasema: "Naitwa Gloire." Angenyamaza pale. Lakini kuna sauti nyuma inamuuliza: "Na mama yako ni nani? Iko wapi?" Naye anajibu kwa nguvu: "Mama yangu ni Nathalie, iko Kamituga!" Ile sauti ni yako. Nimezaliwa nyuma yako, naijua hata ikiwa mu kilio, hata ikiwa mu kanisa. Uliuliza makusudi, simu ikiwa mbele yake.

Usiniambie udongo na lengalenga. Mimi sikuumwa na udongo.

Kamituga ni ndogo. Watu wanatumiana video kama karanga. Futa hiyo kitu. Muambie Luc nitamutumia hata mbuzi, lakini aifute. Na kama hautaki, nitamuondoa mutoto kwako, aende kukaa kwa Josué, Kamanyola. Kule hakuna wendawazimu wa rangi.

Usitume jibu na mutu mwingine, Mardochée peke yake.

Nathalie


Bagira, tarehe 14 mwezi wa tano 2023

Nathalie,

Sisi wazima. Mvua imebomoa choo cha jirani. Sitaki kurefusha salamu, wewe mwenyewe umezifupisha.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, juu nilifikiri macho yangu yameruka mustari. Unasema utamuondoa mutoto kwangu aende kwa Josué. Kwa Josué! Si kwako. Mama aliyekasirika anapanda gari, anafika, anapiga lango, anabeba mutoto wake mugongoni. Wewe umekasirika mpaka unataka kunipa mbuzi, lakini mutoto unamusukuma mbali zaidi na wewe. Nieleze hesabu hiyo.

Ndiyo, sauti ni yangu. Niliuliza, na nitauliza tena. Swali la mama yako ni nani ni tusi tangu lini?

Njoo umuchukue. Nguo zake nitafua, nitazikunja, nitaziweka mulangoni. Sitakuzuia hata dakika moja. Lakini kwa mutu mwingine sitamutuma, hata kwa ndugu yetu. Si mufuko wa mihogo huyu.

Kila mwezi anauliza kama barabara imepona.

Jumamosi za rangi zinaendelea. Sasa wamekuwa wengi, wengine wanatoka mpaka Kasha.

Eulalie


Bagira, tarehe 9 mwezi wa saba 2023

Nathalie,

Mwezi wa sita umeisha bila jibu lako. Mardochée alipita mara mbili na mikono mitupu, akasema alikuona, ukamuambia utaandika. Tonton Anaclet amepona, ameanza kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kuna kiangazi, vumbi tupu. Salamu zimeisha.

Jumamosi bwana yako alikuja.

Nilikuwa bombani, najaza beseni. Watoto walikuwa juu ya shitingi, zamu ya kupaka na miguu. Naona mwanaume amesimama langoni, viatu vya mbuti vimejaa matope makavu mpaka goti, kofia mukononi. Nikasema huyu ni papa ya mutoto mupya. Nikamuambia karibu, mutoto wako ni yupi? Alikuwa anaangalia mutoto mumoja mumoja, kama mutu anatafuta sura kwenye picha ya shule. Kisha akauliza:

"Gloire ni yupi?"

"Wewe ni nani unamuuliza Gloire?"

"Naitwa Déogratias. Natoka Kamituga."

Nathalie, nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi mpaka nikapangusa mikono kwenye kanga yangu nimusalimie shemeji. Nikasema njo huyu amekuja kujionyesha, amekuja na maneno ya posa. Nikamuonyesha Gloire. Alikuwa amepaka miguu yake nyekundu, anarukaruka kuacha alama. Bwana yako akakaribia, akapanda juu ya shitingi. Gloire akamuangalia mbuti.

"Hapa hawaingii na viatu."

Akavua. Mwanaume muzima, akavua mbele ya watoto wote, soksi zimetoboka. Akachuchumaa. Akamugusa mukono kwa kidole kimoja, kama mutu anapima chungu kama bado cha moto. Gloire akamuacha, akaendelea kuruka. Yeye akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti changu, akajifunika uso na kofia. Watoto wakaanza kucheka. Nikawafukuza waende bombani.

"Dada," akaniambia, "mimi nasomesha misa ya huyu mutoto."

"Misa gani?"

"Misa ya wafu. Kila mwezi wa kumi na moja. Ya Gloire, mutoto wa Nathalie, aliyekufa na surua huko Bukavu kabla sijamujua mama yake. Mama yangu muzazi anawasha mushumaa. Nathalie analia, na analia kweli, mpaka tunamushika."

Nilikaa chini, juu ya shitingi mbichi.

Akaniambia namna aliiona ile video. Muteja wa duka yake ya vipuri vya pikipiki alikuwa anaangalia, anacheka. Akaona uso mweupe, akasikia jina, akasikia "mama yangu ni Nathalie, iko Kamituga". "Nilijua ni muzimu," akasema. "Halafu akapiga chafya. Nikamuambia muteja arudishe nyuma, nione tena. Akapiga chafya tena. Nikasema, muzimu haipigi chafya." Kwako hakusema kitu. Alikuambia anafuata vipuri Bukavu.

Akaniuliza kwa nini sisi tulimukataa. Nikasema tulimukataa wapi? Kumbe wewe ulimuambia dada yako hataki kuona Murega, mutu wa kabila lingine, mu nyumba ya papa yake, ndiyo maana asije kuleta mahari. Mimi uliniambia barabara. Ulitufungia kila mutu mu chumba chake, ukabeba funguo.

Hakula. Hakunywa hata maji. Aliomba kitu kimoja tu: nimuoneshe Gloire akiwa ameoshwa uso. Nikamuosha. Akamuangalia sana. Akasema "anafanana naye", akavaa mbuti, akaenda.

Sasa nitakuambia yenye nilikuwa nakuficha, na sikuficha kwa upole. Siku ya ile video tulikuwa tunachora mama. Kila mutoto anachora mama yake kwenye mufuko wa karatasi wa unga tuliofungua. Gloire hakuchora. Alikaa mbele ya karatasi, kisha akatumbukiza mikono yote mu udongo mweupe na kujipaka uso. Nikamuuliza mbona? Akasema: "Sijui sura yake. Lakini mnasema tunafanana." Picha moja niliyo nayo umevaa miwani ya jua, Nathalie. Njo maana niliuliza kwa sauti, simu ikiwa mbele. Nilitaka usikie. Sikujua nani mwingine atasikia, na sijuti.

Mimi ni dada yako. Nilikuosha, nilikubeba. Lakini mutoto wako ulimuua kwa mudomo, ukamulilia kanisani, ukarudi nyumbani ukala. Niambie, pale kanisani ulikuwa unalilia nini?

Eulalie


Kamituga, tarehe 6 mwezi wa nane 2023

Eulalie,

Sina salamu. Wazima tuko wazima.

Alirudi na vipuri kweli. Akaviweka chini, akaketi, akaniuliza: "Gloire alikufa siku gani?" Nikajua. Sikudanganya tena, hata mara moja. Akaenda kulala kwa mama yake, kisha akaja kuniita. Nilisimama mbele ya mama yake na bashemeji wote, nikasema: mutoto wangu iko hai. Mama mukwe wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Aliweka kisu chini, akaondoka. Tangu ile siku hakuli yenye mikono yangu imegusa.

Umeuliza nililia nini. Nitakuambia, halafu usiniulize tena.

Nilifika Kamituga na nguo mbili. Baba wa Gloire amepotea na wanawake wake huko Shabunda, wewe unanihubiria kila asubuhi namna nimemuaibisha papa mu kaburi. Siku Déogratias alinipeleka kwao mara ya kwanza, mama yake aliniangalia, akauliza: "Umeshazaa?" Mwili wangu ilikuwa inaonyesha. Nikasema ndiyo. "Mutoto iko wapi?" Nikaona mulango ile yote itafungwa. Nikasema, amekufa. Neno ilitoka ndogo kuliko mate. Nilifikiri nitairekebisha kesho yake. Kesho yake ule mama muzee akanikumbatia, akaniita binti yangu, akaniambia yeye pia alizika wawili. Nani anaweza kurudisha kitu kama ile? Ungeweza wewe?

Nililia juu jina ya mutoto wangu ilikuwa inaitwa mbele ya altare na mutu anayenipenda, na sikuweza kusimama niseme iko hai. Njo nilikuwa nalilia. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasimama.

Sasa na wewe upokee yako. Bwana yako alikuacha juu hauzai. Ulipokea mutoto wangu kama shamba inapokea mvua. Haukuniandikia hata siku moja "njoo". Uliniambia "Gloire iko muzuri, usihangaike". Mutu akiambiwa miaka miwili usihangaike, mwisho anaacha kuhangaika. Ulitaka nitulie kule kule. Ulianza kuniita wakati mutoto alianza kukuuliza. Usijifanye mutakatifu mwenye mikono ya matope.

Na hiyo siku ya kuchora mama, kama ulijua mutoto hana wa kuchora, kwa nini haukuchagua kitu ingine? Kuku? Nyumba? Ulimuweka mbele ya karatasi tupu juu ya kunipiga mimi. Na yeye njo alipigwa.

Déogratias anataka nije nimuone Gloire. Anasema asipoona nimemuona, hatanirudishia neno lolote.

Nathalie


Bagira, tarehe 27 mwezi wa nane 2023

Nathalie,

Mambo uliyoandika juu ya tumbo langu nimeyasoma. Sitayajibu. Nikiyajibu sitakufungulia lango.

Juu ya ile karatasi, una haki. Ni neno moja tu mu barua yote, lakini liko.

Njoo, mwezi wa kumi, masomo yakishatulia. Jumamosi. Sitamuambia kwamba unakuja, juu nimemuambia "mama anakuja" mara mingi, akakaa langoni na viatu vya kanisa mpaka akasinzia. Sitamuvalisha, sitamuandaa, sitamufundisha kusema kitu. Utamukuta anavyokuwa kila Jumamosi. Na haondoki na wewe. Kuona, ni kuona.

Mimi nitafungua lango. Usitazamie kiti.

Eulalie


Kamituga, tarehe 29 mwezi wa kumi 2023

Yaya Eulalie,

Nakusalimia. Nilifika salama, tulilala njiani juu daraja ilikuwa chini ya maji. Huku mvua haikatiki. Mama mukwe alinijibu salamu, jana, kwa mara ya kwanza. Tonton Anaclet nimemuona amekonda, mukatazeni kasiksi.

Mardochée ameniletea ujumbe wako ya kinywa: unataka kujua tuliongea nini na Gloire, mimi na yeye. Umemuuliza yeye, hajasema. Nitakuandikia. Si juu yako. Ni juu nataka iwe imeandikwa mahali.

Ulinifungulia, ukaniambia "wako nyuma", ukaingia jikoni bila kunipa mukono. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya bazin ya kijani, viatu vya kisigino, juu nilitaka mutoto aone mama mwenye heshima. Nikazunguka nyumba. Yaya, sikumujua. Nakuambia mbele ya Mungu, watoto walikuwa pale karibu kumi na tano, wote rangi moja ya matope mpaka masikio, wote mashati ya wanaume mpaka magoti, na mimi mwenye nilimuzaa nilisimama nikiangalia, sijui ni yupi. Nilitaka kuja kukuita unionyeshe. Nikasema hapana. Nitakufa kwanza.

Nikaanza kusikiliza sauti. Nilikuwa naijua sauti, ya video. Nikamupata kando ya ukuta. Alikuwa amechuchumaa peke yake, anapaka kitu ndefu, nyeusi na machungwa, anatoka ku mwanzo wa shitingi mpaka ku mwisho, ulimi inje kama mama yetu akiingiza uzi mu sindano. Nikasogea. Kivuli yangu ikaanguka juu ya kazi yake. Akaangalia viatu, akaangalia bazin, akafika ku uso.

"Wewe ni mama ya nani?"

Ni swali ya kila siku, najua. Kila mwanamuke anayeingia pale ni mama ya mutu. Nikasema:

"Mama ya Gloire."

Akasema: "Gloire ni mimi."

"Najua."

Haukuwa karibu, haukuona. Hakulia. Hakukimbia, hakunirukia. Aliniangalia namna mutu anaangalia mvua kama itanyesha ao itapita. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, toka Kamituga mpaka Bagira. Yote ilipotea. Nikasema tu: "Ni mimi Nathalie."

Akafikiri. Kisha akanionyesha pembe ya shitingi na mukono yake yote ya machungwa.

"Basi kaa pale. Lakini usikanyage ya kwangu, haijakauka."

Nikakaa. Na bazin, chini. Hakuniongelesha tena. Mara moja tu alisimama, akaja mbele ya uso wangu, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake, akaangalia macho, pua, midomo, akarudi kuendelea. Sikumugusa. Nilikuwa naogopa. Mvua ilipoanza, wote walikimbia bombani na yeye alikimbia nao, hakugeuka. Wewe ulitoka na sabuni, ukanikuta bado nimekaa, ukasema: "Mvua inanyesha, haujaona?" Hiyo njo neno ya pili na ya mwisho uliniambia siku hiyo.

Hiyo njo yote tuliongea. Umeijua.

Déogratias nilimuelezea kama hivi, neno kwa neno. Akaenda parokia, akamuambia padiri aondoe jina ku misa ya mwezi wa kumi na moja. Padiri akauliza sababu. Akasema: "Mutoto amepona." Mimi nilikuwa inje, nilisikia. Lakini bado analala upande wake, na mimi upande wangu.

Sikuombi radhi, Yaya. Wewe pia haujaniomba, na ile maneno yako juu ya mutoto niliyemuua kwa mudomo bado inanichoma, na najua yangu juu ya tumbo lako inakuchoma. Ikae hivyo. Namba yako nimeifungua, lakini usinipigie kama hakuna ugonjwa.

Noeli nakuja tena, na Déogratias. Hatutalala kwako, tutalala kwa tonton. Mutoto hatutamuchukua. Tutakuja siku zote za likizo, asubuhi, turudi jioni.

Safari hii umuambie. Umuambie nakuja. Nikikosa kufika, umuambie na hiyo.

Nathalie